Kigoda cha Mpiga Solo

Mjomba wangu ni dobi, na kabla hujacheka, jua kwamba mashati ya nusu ya wakubwa wa mji huu yamepita mikononi mwake. Ukiona kola imesimama wima shingoni mwa mtu, iwe harusini au mahakamani, usiulize imepigwa pasi wapi. Mimi nilikulia humo humo, kati ya makaro ya saruji na kamba za kuanikia, kwa sababu mama yangu, dada yake wa pekee, alifariki nikiwa bado nang'oa meno ya utoto, naye akanichukua bila kumuuliza mtu. Hajawahi kunipiga hata siku moja. Akikasirika hunyamaza, na huko kunyamaza kwake heri ungepigwa.

Jumapili hatufui. Jumapili tunapiga muziki. Watu wengine wakitaka sauti isitoke nje hubandika magodoro ukutani. Sisi tuna mashuka ya nyumba za wageni, mazito, yamening'inia pande zote za kile chumba cha nyuma, na jirani hana la kusema. Bendi yenyewe ndiyo sisi: Mjomba kwenye besi, Saa Mbovu kwenye ngoma, mimi naitikia, na mara moja moja kijana wa tarumbeta akiwa hajagombana na mkewe. Saa Mbovu tulimpa jina hilo kwa sababu tangu azaliwe hajafika mahali kwa wakati. Lakini mtu huyo akishakaa nyuma ya ngoma zake, hata umtupie bomu, mwendo wake haupotei.

Na kushoto kwa Mjomba kuna kigoda. Hicho hakikaliwi. Mteja mmoja aliwahi kukikalia akisubiri suruali yake, Mjomba akamwomba kwa upole kabisa ahamie kwenye ndoo.

Nieleze kwa nini. Bendi hii ina sharti moja, la tangu kabla Mjomba hajajiunga nayo: haondoki mtu kabla hajaweka mtu mahali pake. Na kuweka mtu si kusema tu, fulani atashika. Unakaa naye. Unampa wimbo mmoja mmoja, mkono kwa mkono, mpaka siku anapiga na wenzako hawageuki tena kukutafuta wewe. Besi ile Mjomba alipewa hivyo na mwashi mmoja aliyekuwa anahama mji. Mwashi aliahirisha safari, mkewe akanuna, mizigo ikakaa imefungwa sebuleni, naye kila jioni yuko hapa na mikono yake ya saruji anamfundisha Mjomba. Alipoona ameiva ndipo akapanda gari.

Aliyeondoka bila kuweka mtu ni Chiriku peke yake. Nchi nzima inamjua kwa jina lingine, lile la kwenye mabango, lakini kwetu ni Chiriku, kwa kuwa alikuwa hanyamazi, na hata gitaa lake lilikuwa halinyamazi. Alipiga solo. Siku moja alikuja mtu mwenye gari na mkataba, akamwambia tunaondoka kesho asubuhi, ukichelewa nachukua mwingine. Saa Mbovu alishauri tumfiche viatu. Mjomba akasema, "Nenda. Bahati haibishi hodi mara mbili. Ukishatulia, rudi uniwekee mtu."

"Ahadi ni deni, mzee wangu," Chiriku akajibu. Alilisema mwenyewe, kwa mdomo wake. Mimi nilikuwepo, mtoto nimebeba beseni la vibanio, na sijalisahau.

Kilichoondoka naye kilikuwa kikubwa kuliko tulivyodhani. Kuna wimbo wetu unaitwa Jua la Kuanikia, ndio tuliokuwa tunafungia kila dansi. Mwanzo wake watu wazima wa mtaa huu wote wanaujua, na mwisho wake pia. Lakini katikati kuna kipande ambacho besi inashuka taratibu na solo inaijibu, peke yao wawili, na wazee wanasema kipande kile kilikuwa kikianza hata waliogombana walikuwa wanashikana mikono. Tuliurekodi wimbo mara moja tu. Redio wakasema ni mrefu, wakakata kile kipande cha katikati, wakakitupa. Zama hizo simu ilikuwa ya kupigia tu. Kipande kikabaki vidoleni mwa Chiriku, na Chiriku akapanda gari.

Jamani, tulingoja. Walikuja wapiga magitaa wengine, wazuri tu, Mjomba anawakalisha kwenye kreti la soda, wanapiga nyimbo nyingine, tukifika kwenye ule wimbo wa mwisho tunauruka. Mwisho wanachoka kukalia kreti wakati kigoda kipo kitupu, wanaaga. Nilikuwa namwambia, "Mjomba, ngoja ngoja huumiza matumbo." Ananijibu, "Mwenyewe atakuja." Chiriku anaonekana kwenye televisheni anaruka na moshi unatoka chini ya miguu, Mjomba anatazama huku anakunja mashuka, anasema, "Amekonda kidogo." Thubutu! Alikuwa amenona kuliko sisi sote.

Wacha niseme wazi, kile kigoda nilikitaka mimi. Nilijinunulia gitaa lililotumika, nikawa najifunza alfajiri kabla pasi hazijapata moto, taratibu nisimwamshe. Siku moja nikapiga moyo konde nikamwomba. Akanitazama kwa huzuni. "Siwezi kukupa kisicho changu, mama," akasema. "Anayetoa pale ni aliyekaa pale." Nililia kwenye karo, nikasingizia sabuni.

Kisha mkono wake wa kushoto ukaanza mambo yake. Kwanza akawa anaangusha vibanio, tukamtania kwamba uzee umefika. Halafu siku moja nikasikia harufu ya kitu kinaungua, nikajua tumekwisha, shati la watu hilo. Loo! Kilikuwa kidole chake. Pasi imemlalia kidoleni naye ananisimulia habari za mteja, hana hata habari. Aliyepiga kelele ni mimi. Yeye alikitazama kile kidole kana kwamba ni cha mtu mwingine.

Hospitali daktari alimdunga sindano ndogo kidole kimoja kimoja, anamuuliza, unasikia? Unasikia? Akatueleza kwamba mishipa ya fahamu inakufa na itaendelea kufa, dawa itapunguza mwendo tu. Mjomba hakuuliza habari za pasi, wala habari za kula yetu. Aliuliza, "Besi nitapiga mpaka lini?" Daktari akavua miwani, akasema tumwombe Mungu. Njiani kurudi nilikuwa namshika mkono ule, naye hajui kama nimeushika. Solo hatuna, besi inaondoka, na ngoma peke yake haiitwi bendi.

Ndipo redio ikatangaza kwamba Chiriku anakuja. Uwanja mzima wa mpira, taa za kila rangi, na kiingilio ambacho ningetaka kukilipa ningeuza pasi zote na meza yake. Jumapili hiyo hatukupiga hata wimbo mmoja, tulibishana.

"Lazima aje hapa," Saa Mbovu akasema. "Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Nani alimfundisha kukaza nyuzi? Nani alimpa viatu vya kupandia jukwaani? Si vyangu vile?"

"Ulimpa vilivyotoboka," nikamwambia.

"Vilivyotoboka si viatu?"

Mimi nikasema yangu, na mdomo wangu mnaujua. Nikasema anakula kwa jasho letu. Nikasema sauti ile haikuokotwa barabarani, ilifuliwa hapa, ikaanikwa hapa, ikapigwa pasi hapa, yeye akaivaa akaenda zake. Mtu kama huyo angekuwa na haya, bendi za mji huu zisingekuwa zinakufa moja baada ya nyingine naye yupo hai.

Mjomba alituacha tukamaliza. "Mnamdai nini hasa?" akauliza. "Mwalimu wake anamdai, kinyozi anamdai, hata aliyempakia kwenye baiskeli mara moja anamdai. Mtu akipata, kila aliyewahi kumsalimia anageuka kuwa mkopeshaji. Pesa yake siidai wala jina lake silidai, kavipata kwa kuhangaika kwake. Mimi namdai mtu mmoja wa kukaa hapa." Akakipapasa kile kigoda kwa mkono wa kulia, ule unaosikia.

Chiriku akaja, tena hakuitwa na mtu. Ilikuwa Jumamosi mchana, jua limewaka, kamba zote zimejaa. Lori likasimama nje, wakaanza kushusha maboksi, na kijana mwenye kamera akatangulia kuingia anatupiga picha kabla hajatusalimu. Nyuma yake Chiriku, amevaa nyeupe tupu. Saa Mbovu alikuwa ameshafika tangu asubuhi, na hilo nalo lingestahili kupigwa picha.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, baba. Karibu nyumbani."

Walikumbatiana muda mrefu. Chiriku akazunguka chumba kizima, anagusa makaro, ananusa mashuka, anacheka, "Bado mnatumia sabuni ile ile!" na macho yake yamelowa. Sikutaka kuamini kwamba ni machozi ya kweli, lakini yalikuwa ya kweli. Maboksi yakafunguliwa. Spika mbili, moja tu ni ndefu kunishinda mimi. Akasimama kati ya zile spika, akamwambia yule wa kamera kwamba mtu hasahau kwao, na leo amekuja kurudisha shukrani.

Mjomba alipokea kwa mikono miwili. "Ahsante, baba. Mungu akuzidishie," akasema. "Sasa kaa hapo uniwekee mtu."

"Mtu gani, mzee wangu?"

"Huyu." Akaninyooshea kidole mimi, nimeshika pasi. "Anadhani alfajiri simsikii. Nyumba yenyewe ukuta mmoja."

Pasi ilibidi niisimamishe kwa mikono miwili.

Chiriku akasogea karibu, akapunguza sauti, ile sauti ya kwenye redio ikaondoka ikabaki ya mtu aliyechoka. "Mzee wangu, nisikilize. Mimi kila nikishuka kwenye gari nadaiwa. Shule inanidai madawati, timu inanidai jezi, binamu nisiowajua wananidai ada. Nikitoa wanasema kidogo. Nisipotoa wanasema nimesahau nilikotoka. Na bendi za kila mji ninaopita zinasema nimezila. Sijala bendi ya mtu, nimefanya kazi. Nikasema angalau kwenu nilete vyombo, nimalize."

Nilikuwa na jibu la hayo, refu, nimeliandaa miaka. Sikulitoa. Nilimhurumia, Mungu shahidi, na nilijichukia kwa kumhurumia.

"Vyombo sikuomba," Mjomba akasema. "Nipe saa moja tu. Kile kipande cha katikati tu, mengine huyu nitamfundisha mwenyewe."

Chiriku akatazama saa yake, akatabasamu, akakaa kwenye kigoda. Nikampa gitaa langu. Mjomba akavaa besi, macho hayabanduki kwenye vidole vyake vya kushoto, Saa Mbovu akapiga vijiti vyake, wakaingia kwenye Jua la Kuanikia. Vidole vya Chiriku vilikuwa vizito kidogo mwanzoni, kisha vikalainika. Nikasikia mwanzo wote, ule wa kwenye redio, unatoka mbele yangu kwa mtu mwenyewe, nikaanza kucheka kama mwehu. Wakafika katikati. Besi ikashuka taratibu, na solo ikajibu.

Mjomba akaacha kupiga. "Siyo hiyo, baba."

"Eh, kweli, siyo." Wakarudia. Akapiga kingine, kitamu hata hicho. Siyo. Akafumba macho, akaimba kwa mdomo kwanza, akapiga. Siyo. Akamuuliza Saa Mbovu, "Ilikuwa inapanda au inashuka?" Saa Mbovu akasema inapanda, kisha akasema hapana, inashuka, kisha akatikisa kichwa. Chiriku akamwomba Mjomba amwimbie japo kidogo. Mjomba akafungua mdomo, akaufunga. "Mimi nilikuwa nashika zangu," akasema. "Yako nilikuwa naisikia tu. Nikiisikia nitaijua." Jasho lilikuwa linamtoka Chiriku mpaka ile nguo nyeupe ikamgandia mgongoni, na kamera inaendelea, tiki, tiki, tiki.

"Mwanangu," Mjomba akamwambia yule kijana, "weka chini hiyo." Akaiweka.

Saa moja ikaisha, ikaisha na nyingine, lori linapiga honi nje, hakuna aliyetoka. Mwisho Chiriku akaliweka gitaa mapajani. "Mimi nimeacha kupiga zamani, mzee wangu," akasema. "Nina watu wa kunipigia. Mimi naimba, nacheza, basi. Nilidhani ipo tu. Nilikuwa nasema siku yoyote nikiitaka nitaikuta." Akaugeuza mkono wake akautazama kiganjani, mzima, mnene, una pete, hauna kitu.

Deni lipo, mdaiwa amekuja kwa miguu yake mwenyewe na yuko tayari kulipa, na kile anachodaiwa hakipo tena popote chini ya jua. Tulikaa kama watu wa msibani. Chiriku akalia, safari hii bila kujificha, na Mjomba akamwekea mkono begani, ule wa kushoto, akakosea ukateleza, akaurudisha.

"Usilie," akamwambia. "Si wewe peke yako. Mimi nilikifunga hiki kigoda kama duka la marehemu. Ningemkalisha yeyote akapiga chochote, leo tungekuwa na kipande kingine, na watu wangekuwa wamekizoea."

Getini, akiondoka, Chiriku aliapa kwamba atakitafuta, na akikipata hata akiwa jukwaani atapiga simu. Sikumwamini. Lakini anapiga, mpaka leo anapiga. Anaiweka simu karibu na gitaa, anajaribu, Mjomba anasikiliza kwa makini kabisa, anamwambia, "Siyo, baba, lakini umekaribia." Hajakaribia popote, hata mimi najua. Spika moja tunaitumia. Nyingine haikupita mlangoni, iko uani chini ya turubai, tunaanikia soksi juu yake. Watu huniuliza kama amelipa deni la nyumbani au bado, maana mtaa huu haulali bila kumjadili, nami niliyekuwa na majibu ya kila kitu siku hizi nasema sijui.

Ila asubuhi ya kesho yake, baada ya Chiriku kuondoka, ndiyo nisiyoisahau. Niliamka mapema, nikachukua gitaa langu, nikaingia chumba cha nyuma nikijua sasa kigoda ni changu. Na kweli kilikuwa changu, kimefutwa vumbi. Lakini Mjomba alikuwa kwenye meza ya pasi. Hajawasha kitu. Besi ameilaza juu ya blanketi la kupigia pasi.

"Weka hilo gitaa chini," akasema. "Pale utakaa siku yoyote upendayo. Leo njoo huku."

"Besi? Mjomba, mimi ni wa solo."

"Najua, mama. Ile imeshapotea, huko hakuna haraka tena. Hii bado ipo." Akanyamaza kidogo. Nilidhani amekasirika, kumbe alikuwa anatafuta maneno. "Miaka yote hiyo namdai mwenzangu, na mimi mwenyewe nadaiwa. Mwashi alinipa. Mimi sijampa mtu."

Akanivalisha besi, mkanda ukanizidi urefu, akaukunja fundo. Akasimama nyuma yangu, akanizungushia mikono yake yote miwili, kama alivyokuwa akinifundisha kufunga kamba za viatu. Mkono wa kushoto ulipanda kwenye shingo ya besi ukashika, lakini ulishika tu, kwa mazoea.

"Mama, uzi siusikii," akasema. "Kidole changu kiko wapi?"

"Kiko uzi wa pili, Mjomba."

"Nikikandamiza, kinakandamiza?"

Nikatazama. "Kidogo."

"Basi weka chako chini yake, nikandamize mimi."

Nikakiweka. Kidole chake kilikuwa baridi na kizito. Akakandamiza, nami nikaumia kidogo, uzi ukalia.

"Ni hapo?" akaniuliza.

"Ni hapo," nikamwambia.